Mitego ya Samaki, Kutoka Pwani Hadi Nyarugusu

Msomaji atakayestaajabu kuona jina la Nyarugusu likitajwa katika tarehe ya mitego ya samaki hana lawama, kwa kuwa Nyarugusu ninayoisema, yaani ile kata ya Wilaya ya Geita iliyo upande wa kusini wa mji wa Geita, wala si ile kambi ya wakimbizi ya Kasulu ambayo habari zake husikika zaidi redioni, ni nchi ya mawe na vumbi, ya maduara yaliyozama ardhini mpaka mwanga wa jua hauyafikii, na ya makarasha yanayosaga mawe mchana kutwa. Na mtu akiamka huko huuliza bei ya gramu ya dhahabu kabla ya kuuliza hali ya mawingu. Walakini nchi hiyo haiko mbali na maji. Kaskazini yake limetanda ziwa la Nyanza, ambalo Wazungu waliliita Victoria, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na kutoka katika mialo yake magari na pikipiki hupanda kila siku kuelekea machimboni, zikiwa zimebeba dagaa waliokaushwa mchangani, sangara waliokaangwa na sato waliobanikwa kwa moshi. Wanunuzi wa kitoweo hicho ni wachimbaji waliotoka kila pembe ya nchi: Wasukuma, Wazinza, Wasumbwa, Waha, na hata watu wa pwani waliofuata riziki bara. Mchimbaji huyo hana haja ya kujua samaki wake amevuliwa kwa chombo gani, na mimi simlaumu. Ila mwenye kupenda habari za kale akiitazama sahani ile ataona kwamba karibu kila kilichomo ndani yake kimepatikana kwa namna ambayo babu wa Mzinza na babu wa mtu wa Kilwa, kama wangalifufuliwa wakaketishwa pamoja, wote wawili wangaliona ni jambo geni.

Maana wavuvi wa kale, wa baharini na wa ziwani, aghalabu hawakumfuata samaki, walimngoja. Walisoma mwendo wa maji, wakajenga kizuizi au wakatega tenga mahali ambapo samaki hana budi kupita, kisha wakarudi nyumbani kulima au kulala, wakayaachia maji kazi iliyobaki. Uvuvi wa namna hiyo unamfunga mtu na mahali. Mwenye wavu akikosa hapa huenda pale. Mwenye mtego akikosa hana pengine pa kwenda, kwa sababu mali yake yote ni ule ujuzi wa pale alipo, na ujuzi huo haubebeki mabegani. Ndiyo maana tarehe ya mitego haiwezi kuandikwa bila tarehe ya haki za mahali, na ndiyo maana vilevile mitego ilipoondoka, haki nyingi ziliondoka pamoja nayo.

Tuanze pwani, ambako ushahidi ni mkongwe. Katika karne ya kwanza baada ya kuzaliwa Masihi, Myunani mmoja wa Misri, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, aliandika kitabu cha kuwaongoza mabaharia wafanyao biashara katika Bahari ya Shamu na pwani zetu, kitabu kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea. Alipofika katika habari za kisiwa alichokiita Menouthias, ambacho wanazuoni wengine husema ni Pemba, wengine Unguja, na wengine Mafia, alieleza kwamba wenyeji wake walikuwa na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba na mitumbwi ya gogo moja, na kwamba walikuwa na namna yao ya peke yao ya kukamata windo la majini: walitumia matenga yaliyosukwa badala ya nyavu, wakiyatega katika midomo ya mikondo. Maneno hayo ni machache, tena yameandikwa na mtu aliyekuja kununua pembe na magamba ya kasa, si kuchunguza maisha ya maskini. Hata hivyo yanatutosha kujua kwamba takriban miaka elfu mbili iliyopita, kabla ya miji ya mawe, kabla ya Uislamu, mtu wa pwani alikwisha kujua kuweka tenga mdomoni mwa mkondo na kungoja.

Mambo mengi ya baadaye yanakubaliana na habari hiyo. Katika magofu ya Shanga, kisiwani Pate, yaliyofukuliwa na Mark Horton tangu mwaka 1980, tabaka za chini kabisa, ambazo ni za karne ya nane, zilitoa mifupa ya samaki wa miambani na wa maji madogo ya karibu na ufuo, wale wale ambao hata leo huingia mitegoni. Na samaki wakubwa wa bahari kuu wakaanza kuonekana kwa wingi katika tabaka za karne zilizofuata. Ibn Battuta, alipopita Mombasa mwaka 1331, aliona kwamba chakula cha watu wa kisiwa kile ni ndizi na samaki, na kwa bahati mbaya, kama ilivyo ada ya wageni wakubwa, akashughulika na uchamungu wa watu na misikiti yao ya mbao asitwambie samaki hao wamevuliwaje. Huko Kilwa Kisiwani nako yako matuta marefu ya matumbawe yaliyojengwa baharini, mengine yakiwa na urefu wa mamia ya meta, ambayo huonekana maji yanapokupwa. Nayo yamewashughulisha sana wachunguzi, baadhi yao wakiyahusisha na kazi za uvuvi na ukusanyaji wa kombe. Mimi nadhani watu waliokuwa tayari kubeba mawe yote yale ili kupata njia juu ya mwamba hawakuwa watu wa kuyadharau maji madogo.

Ama mtego mkubwa kuliko yote wa pwani ni wando, ambao sehemu nyingine huitwa uzio. Ujenzi wake huanza msituni, kwa kukata nguzo za mikoko na fito nyembamba zilizonyooka, ambazo hufungwa pamoja kwa kamba za makumbi ya nazi mpaka zikawa kuta zinazoweza kukunjwa na kubebwa. Kuta hizo hupandishwa katika tope au mchanga wa mahali ambapo maji hukupwa yakaacha pakavu au karibu na pakavu: ukuta mmoja mrefu hutoka ufuoni kuelekea baharini, na mwisho wake kuna vyumba vilivyozungushwa, mlango wa kila kimoja ukiwa mwembamba kuliko wa kilichotangulia. Maji yakijaa, samaki hupanda nayo kuja kula katika majani ya baharini na mizizi ya mikoko. Yakianza kukupwa, hurudi, akagonga ukuta, na kwa kuwa tabia ya samaki aliyezuiliwa ni kuelekea kwenye kina, hufuata ukuta ule mpaka chumbani. Huko Unguja maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa meta zipatazo nne, na tofauti hiyo ndiyo baraka yote ya wando. Siku za maji mafu, bahari inapocheza palepale, mwenye wando hupata kidogo, naye huitumia nafasi hiyo kukaza kamba na kubadili fito zilizoliwa na wadudu. Kwa hiyo kalenda ya mvuvi huyu ilikuwa mwezi wa mbinguni, naye alijua tarehe yake kama ajuavyo imamu.

Ndugu mdogo wa wando ni dema. Hilo ni tenga la kuzamishwa, lililosukwa kwa vipande vyembamba vya mianzi au vya miti, macho yake yakiwa na pembe sita, na mdomo wake ukiingia ndani kwa mfano wa kikonyo kinachopungua, hata samaki aliyeingia kwa urahisi haoni pa kutokea. Hutiwa chambo cha mwani au nyama ya kombe, hufungwa mawe ili lisichukuliwe na mkondo, na huachwa karibu na miamba au juu ya nyasi za baharini usiku mmoja au zaidi, alama yake ikiwa ni chelezo kinachoelea juu, au pasiwe na alama yoyote, kwa kuwa mwenyewe hupajua kwa kulinganisha mnazi fulani na kilele fulani cha nchi kavu. Wanaoingia humo ni tafi, changu, pono na wenzao. Kusuka dema ni sanaa, na mtu wa Chwaka au wa Marumbi akitazama dema lililopotea likaletwa na mawimbi anaweza kukwambia ni kazi ya mkono wa nani. Huo nao ni ulinzi wa mali, tena bora kuliko kufuli.

Watu wa pwani hawakuwa peke yao katika elimu hii. Bahrain na nchi jirani za Ghuba ya Uajemi zina hadhra, kuta za makuti na fito zilizosimikwa ufuoni kwa umbo linalokaribia la wando, na wavuvi wa Omani wanalo tenga lao la mviringo, qarquru, ambalo siku hizi hulisuka kwa waya. Na mbali kusini, katika ghuba ya Kosi, mpakani mwa Afrika ya Kusini na Msumbiji, Watonga wanazo nyuzio zao ambazo baba humwachia mwana. Ni nani aliyemfundisha mwenziwe? Wako wanaopenda kila kitu cha pwani kiwe kimetoka Arabuni, na wako wanaopenda kila kitu kiwe kimezaliwa hapahapa. Na katika jambo hili wote wawili wangefanya vyema kunyamaza, kwa kuwa maji yanayopanda na kushuka humfundisha kila mtu mwenye macho.

La muhimu zaidi ni desturi zilizouzunguka mtego. Mahali pa wando palikuwa na mwenyewe, na katika sehemu nyingi mahali hapo palirithiwa ndani ya ukoo kama shamba la minazi linavyorithiwa. Mgeni hakusimika nguzo zake bila kuomba, na aliyeomba alielezwa umbali wa kuacha ili asimzibie mwenziwe njia ya samaki. Katika vijiji vya Wahadimu na Watumbatu wazee waliotunza mizimu ya mji walikuwa na kauli juu ya bahari kama walivyokuwa na kauli juu ya mashamba, na upande wa Kenya wazee wa bahari waliongoza sadaka na kuonya watu juu ya majira na zana. Sisemi kwamba watu hao walikuwa malaika, wala kwamba hapakuwa na ugomvi. Nasema ugomvi wao ulikuwa na mahakama, na mahakama hiyo ilikuwa palepale ufuoni.

Sasa tupande bara. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikafika Tabora ilitoa tawi lililokwenda kaskazini mpaka Nyanza, na ndilo alilolifuata msafiri wa Kizungu Speke mwaka 1858 alipokwenda kuliona ziwa karibu na Mwanza ya leo, akiongozwa na maelezo ya Waarabu na Waswahili waliokwisha kulijua. Maelfu ya Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa wakishuka pwani kila mwaka kwa kazi ya upagazi, wakakaa Bagamoyo majuma na miezi wakingoja mizigo, na bila shaka waliona nyando zikitoa samaki maji yanapokupwa. Kwa upande wa pili, watu wa pwani walipofika ziwani hawakuja mikono mitupu: katika miaka ya 1870 mfanyabiashara aitwaye Songoro, ambaye msafiri mwingine wa Kizungu, Stanley, alimkuta Kageyi mwaka 1875, alijenga jahazi kwenye ziwa hilo, akauawa Ukerewe mwezi wa Desemba 1877 pamoja na wamisionari Shergold Smith na O'Neill katika fitina ambayo ndani yake jahazi lilikuwa sehemu ya ugomvi. Basi jahazi lilisafiri kutoka pwani mpaka Nyanza; nguo zilisafiri, bunduki zilisafiri, lugha hii ninayoiandika ilisafiri. Wando haukusafiri, na sababu yake si uvivu wa mtu yeyote.

Sababu ni kwamba Nyanza haina maji kupwa na maji kujaa. Ziwa hilo limekaa katika kimo cha meta 1,134 juu ya bahari, na mwezi, ambao huivuta vuta Bahari ya Hindi mara mbili kwa siku, hauna nguvu ya maana juu yake. Mtego wa ziwani kwa hiyo ulihitaji saa nyingine, na saa hiyo ilikuwa mvua. Mvua za masika zinapojaza mito, ningu, kambale, soga na jamii nyingine za samaki huliacha ziwa wakapanda mitoni na kwenye mbuga zilizofurika ili kutaga. Maji yakipungua hurudi. Hapo ndipo watu wa ziwa walipoweka kizuizi chao cha fito na matete kukata mto, wakaacha mapengo, na katika kila pengo wakalaza mgono, tenga refu la umbo la pia, lenye ulimi wa vijiti ndani yake unaomruhusu samaki kuingia na kumkataza kutoka. Migono midogo ilitegwa na mtu mmoja mmoja katika vijito na katika vichochoro vya mafunjo, ambamo kambale na kamongo hupita usiku. Kilichokuwa kwa mvuvi wa Unguja jambo la kila siku, kwa mwenziwe wa bara kilikuwa jambo la majira. Na kwa kuwa samaki wa majira huja wengi kwa pamoja, ziwani palihitajika zaidi kazi ya kikundi, na elimu ya kubanika na kukausha ili wingi wa mwezi mmoja uliwe miezi mingine.

Mtu anaweza kuuliza, na ni swali la haki, kama kukata mto wakati samaki anapokwenda kutaga si kuua kizazi chake. Jibu lilipatikana kwa njia ya kusikitisha. Upande wa Kavirondo, yaani Kenya, ambako mitego ya mitoni ilichunguzwa kuliko kwingineko, wataalamu waliona kwamba baadhi ya vizuizi vya wenyeji vilielekezwa kumpata samaki anaporudi ziwani, yaani baada ya kwisha kutaga. Na ningu alivuliwa hivyo enzi na enzi, wala hakuisha. Alichoshindwa kustahimili ningu ni nyavu za makila zilizotandazwa midomoni mwa mito, zikimpokea kabla hajaingia. Na katikati ya karne ya ishirini uvuvi wake, uliokuwa miongoni mwa uvuvi mkubwa wa ziwa zima, ulianguka katika mto mmoja baada ya mwingine.

Nyavu hizo ziliingia Nyanza mwaka 1905, katika ghuba ya Kavirondo, zikaenea upesi kwa sababu zilileta kitu ambacho mtego haukuweza kukileta: ngege, samaki mtamu kuliko wote wa ziwa lile la zamani, katika maji yasiyofikiwa na fito. Reli ya Kisumu ilikuwa imekwisha fika tangu 1901, na reli ya Tabora ikafika Mwanza mwaka 1928, na kila palipofika reli samaki alipata mnunuzi asiyemjua. Mwaka 1927 na 1928 Mwingereza Michael Graham alilizunguka ziwa kwa uchunguzi wa kwanza wa kitaalamu, na taarifa yake iliyotoka 1929 ilionya kwamba ngege wamekwisha kupungua, ikashauri macho ya nyavu yasipungue inchi tano. Sheria ilitungwa, ikasumbua watu, na mwishowe ikafutwa. Linalonishughulisha mimi katika habari hiyo ni kwamba katika muda wa chini ya miaka ishirini na mitano ziwa lililokuwa limevuliwa kwa migono tangu enzi zisizo na hesabu lilihitaji kulindwa kwa sheria ya serikali. Wavu haukuwa na mahali. Kwa hiyo haukuwa na mzee wa mahali wa kuusemesha.

Kisha mambo yakafuatana kwa haraka. Nyavu za nailoni, zisizooza, zilifika katika miaka ya 1950. Sangara walitiwa ziwani huko Uganda tangu mwaka 1954, kwanza kwa kificho, kisha hadharani katika mwaka 1962 na 1963. Na katikati ya hayo zikanyesha zile mvua za miaka ya uhuru, ambazo kati ya 1961 na 1964 zililipandisha ziwa kwa meta zipatazo mbili na nusu, zikafunika fuo, mashamba na maeneo ya mafunjo. Fikiri maana yake kwa mtu wa migono. Mwenye wavu alihamisha mtumbwi wake juu ya maji mapya. Mwenye mgono alipoteza kichochoro alichoonyeshwa na babaye. Ilipofika katikati ya miaka ya 1980 sangara alikuwa amekwisha wafagia furu wa ghuba ya Mwanza, wale samaki wadogo wa mamia ya jamii ambao kwa ajili yao kulikuwa kumejengwa hata kiwanda cha unga wa samaki Nyegezi. Na viwanda vya minofu vilipofunguliwa Mwanza, ziwa likawa limekwisha badili kabila lake. Sangara mzima haingii mgononi. Dagaa naye, aliye mdogo kupita kiasi, hupita katika macho yake. Yeye hufuatwa usiku wa giza kwa taa za karabai.

Katika miaka hiyohiyo nchi kavu ya Geita ilikuwa na tarehe yake. Wajerumani waliona dhahabu huko mwaka 1898. Mgodi mkubwa ukafunguliwa 1936, ukafanya kazi mpaka 1966, ukatoa wakia zipatazo milioni moja na kupata sifa ya kuwa mgodi mkubwa wa dhahabu katika Afrika ya Mashariki. Kisha ukanyamaza, mpaka mgodi mpya wa kampuni ulipofunguliwa mwaka 2000. Nyarugusu na jirani yake Rwamagasa ziliingia katika vinywa vya watu hasa baada ya serikali kulegeza kamba za biashara ya dhahabu, mwishoni mwa miaka ya 1980, vijana wakamiminika na sururu. Dhahabu hiyo husagwa, hutiwa maji, hupitishwa juu ya ubao uliotandikwa magunia ili mchanga uende na kile kizito kibaki. Na mtu aliyewahi kuona wando ukikaushwa na maji hawezi kuutazama ubao ule bila kutabasamu, kwa maana ni ustadi uleule wa kuyaachia maji yafanye kazi na kumnasa asiyeweza kurudi.

Ila maji ya ubao huo hurudi kijitoni, nayo hayarudi kama yalivyotoka. Mchimbaji mdogo hukamata vumbi la dhahabu kwa zebaki, na uchunguzi uliofanywa Rwamagasa mwanzoni mwa miaka ya 2000, chini ya mradi wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda, uliikuta zebaki hiyo katika mabaki ya mchanga na katika mashapo ya vijito vilivyo karibu na machimbo. Kambale, ambaye hukaa topeni na kula chochote, ndiye wa kwanza kuipokea. Hivyo vijito vya juu, ambavyo katika nchi hii ndivyo vilivyokuwa makao ya mgono mdogo wa mtu mmoja, vimechafuliwa na tope la kusafishia dhahabu mahali ambapo wavu haukupata hata nafasi ya kuvidhuru. Ziwa lenyewe, kwa ukubwa wake, limesalimika zaidi. Lakini mtego wa kijito haukuwa na haja na ukubwa wa ziwa, ulihitaji kijito.

Machimbo yameifikia hata pwani, kwa njia ambayo wengi hawaifikirii. Baruti ya kupasulia miamba, iliyokusudiwa migodi, machimbo ya kokoto na barabara, imekuwa ikivuja katika mikono ya watu tangu miaka ya 1960, ikatumika kuulia samaki katika miamba ya Tanga, Dar es Salaam, Kilwa na Mtwara. Sheria ya mwaka 1970 iliharamisha uvuvi huo, nao ukaendelea miongo mingi baada ya hapo. Mlio mmoja huua samaki wa mwamba mzima na kuuvunja mwamba wenyewe, na dema lililotegwa pembeni yake linabaki tenga tupu. Hata pasipokuwa na baruti mwenye dema ana maadui. Katika ghuba ya Chwaka, upande wa mashariki wa Unguja, watu wa Marumbi walioshikilia madema yao waligombana kwa miaka mingi na wavuvi wa nyavu za kukokota, zinazopita juu ya nyasi za baharini na kuzoa dema, chambo, samaki na vitoto vyao. Ugomvi huo ulifikia kuharibiana zana, ukapelekwa kwa wakuu wa serikali, ukapelekwa tena. Nikiusoma ugomvi ule siuoni kuwa wa kijiji na jirani zake, bali wa namna mbili za kuwa na bahari: mmoja anasema hapa ni petu, mwingine anasema bahari haina hapa.

Serikali na wenye mitaji wamekwisha chagua namna ya tatu. Mwaka 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Mwanza akikabidhi boti na vizimba vya kufugia samaki kwa mikopo, na leo vizimba hivyo, vya nyavu zilizoning'inizwa katika viunzi vinavyoelea, vinaonekana katika ghuba nyingi za Nyanza, ndani yake wakikuzwa sato wa kulishwa kwa chakula cha kununua. Samaki wa kizimba hahitaji kungojwa wala kufuatwa, na mwenye kizimba, kwa ajabu ya mambo, amerudi kuwa mtu wa mahali: analo eneo lake majini, lenye kibali, mpaka na mlinzi.

Na mgono haujatoweka. Wavuvi wa sangara wanaotumia ndoana nyingi katika kamba moja ndefu wanahitaji chambo kilicho hai, na hakuna chambo wanachokipenda kuliko kambale mdogo, kwa kuwa ni mgumu wa roho na hucheza ndoanani usiku kucha. Kambale huyo hapatikani ziwani katikati. Hupatikana mafunjoni, katika madimbwi na vijito vya ukingoni, na kwa hiyo wako vijana na wazee wanaokaa kando ya majani wakitega matenga ya vijiti kwa umbo lilelile la zamani, mengine yakiwa na waya au nailoni mahali pa kamba za magome, wakiyatazama alfajiri na kuwauza kambale wakiwa hai, ndani ya ndoo, kwa wenye boti za ndoana. Bei hupanda sangara wanapoadimika.